Wasomaji Wawili, Mashaka Mawili: Kuandika Sayansi ya Jamii kwa Wasomi na kwa Umma

Mtafiti kijana anapotaka kuandika gazetini juu ya utafiti wake, ushauri anaopewa mara nyingi ni mmoja: arahisishe lugha. Ushauri huo hauna ubaya, lakini unaigusa sehemu ndogo tu ya kazi. Nimesoma rasimu nyingi za wanafunzi ambazo kila sentensi yake ni nyepesi, na bado najua kwamba msomaji wa kawaida angeziacha katika aya ya pili. Nimeona pia makala nzito juu ya migogoro ya ardhi, yenye vifungu vya sheria na majedwali, ikipita mkono hadi mkono kijiweni kwa sababu iligusa jambo lililokuwa linawanyima watu usingizi. Kwa hiyo nimeacha kuwaambia wanafunzi wangu kwamba msomi anaelewa mengi na mwananchi anaelewa machache. Ninawaambia kwamba kila mmoja wao anakuja na shaka lake, na kwamba mwandishi anayetaka kuwaandikia wote wawili hana budi kuyajua mashaka hayo kabla hajashika kalamu.

Shaka la msomi linahusu njia: umejuaje, umewauliza akina nani, uliowakosa ni akina nani, na je, jibu lako lingebadilika kama ungepima kwa namna nyingine? Shaka la mwananchi linahusu maisha: jambo hili linamhusu nani, kwa nini unaniambia leo, na mbona halifanani na ninayoyaona hapa mtaani? Yote mawili ni mashaka halali. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba la pili ni la kitoto.

Nitaeleza kwa mfano ninaoutumia sana darasani, utafiti wa Kagera, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizihoji kaya zaidi ya 900 mkoani humo ili kujua athari za vifo vya watu wazima kwa familia. Mkoa haukuchaguliwa kwa bahati, kwa maana Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983. Mwaka 2004 watafiti walirudi, safari hii wakiwatafuta watu walewale popote walipokuwa: kijijini, Mwanza, Dar es Salaam, hata ng'ambo ya mpaka, Uganda. Kaya zile 900 na ushei zilikuwa zimegawanyika na kuzaa kaya zaidi ya 2,700. Kutokana na kazi hiyo, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walichapisha mwaka 2011 matokeo ambayo tangu hapo yamenukuliwa mara nyingi: katika miaka ile 13, kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia katika ukuaji wa matumizi ya mtu (yaani thamani ya anachokula na kutumia), ukimlinganisha na aliyebaki.

Mpe msomi sentensi hiyo, naye ataikunjia uso papo hapo. Atakuambia kwamba wanaohama si sawa na wanaobaki. Pengine waliondoka kwa sababu tayari walikuwa na elimu zaidi, au nguvu zaidi, au mjomba mwenye duka mjini. Watafiti walilijua shaka hilo, na ndiyo maana waliwalinganisha watu waliokuwa wakiishi chini ya paa moja mwaka 1991, ndugu na ndugu, ili tofauti za familia zisiingie katika hesabu. Msomi hataishia hapo. Ndani ya nyumba moja, aliyehama anaweza kuwa ndiye aliyekuwa mchangamfu kuliko wenzake. Halafu atauliza kuhusu bei: sahani ya wali ya Dar es Salaam na ya Muleba, wilaya ya Kagera, haziwezi kuhesabiwa kwa shilingi zilezile bila marekebisho. Ataulizia pia wale ambao hawakupatikana tena. Kila swali kati ya hayo linadai aya yake, na makala ya kitaaluma imejengwa kwa namna hiyo kwa sababu hiyo. Mpangilio wake unaochosha (utangulizi, machapisho tangulizi, mbinu, matokeo, mjadala) ni orodha ya majibu kwa mtu asiyekuamini. Mwanafunzi anayelalamika kwamba makala za majarida ni kavu, huwa namwambia asome kila aya akijiuliza ni pingamizi la nani linalojibiwa pale. Akifanya hivyo, ukavu hupungua.

Sasa mpe sentensi ileile mama mmoja wa Muleba ambaye watoto wake watatu wameondoka. Hatakuuliza habari za sampuli, yaani namna wahojiwa walivyochaguliwa. Atakuuliza kama unamaanisha kwamba kila kijana aondoke. Atakuuliza nani atabaki na migomba na mibuni, na nani atamtunza mzee aliyelala ndani. Na atakuuliza jambo moja zito zaidi: hao waliofanikiwa huko walikokwenda, wanawakumbuka walioachwa?

Ukiandika kwa ajili ya gazeti na usiyaguse maswali hayo, umeandika bure, hata kama Kiswahili chako ni cha kupigiwa mfano. Jambo linalonivutia ni kwamba maswali ya mama huyo hayako nje ya sayansi. Swali lake la mwisho lilikuja kufanyiwa utafiti kamili kwa kutumia watu walewale wa Kagera. Joachim De Weerdt na Kalle Hirvonen walichunguza nini hutokea pale wa nyumbani wanapopatwa na msiba, ugonjwa au mavuno mabaya, na nini hutokea pale wa mjini wanapopatwa na mikasa ya namna hiyo. Waligundua kwamba msaada unakwenda upande mmoja: waliohama wanawakinga waliobaki, bila ya kukingwa nao. Kwa makadirio yao, gharama ya kinga hiyo ni kati ya asilimia 3 na 5 ya ukuaji wa matumizi ambao wahamiaji waliupata. Tazama jinsi matokeo hayo yanavyozungumza na wasomi na wananchi kwa wakati mmoja. Kwa mwanauchumi, yanaipinga nadharia kwamba watu husaidiana kwa kuwa kila mmoja anatarajia kulipwa baadaye. Kwa mama wa Muleba, yanasema kwamba watoto hawajasahau, ila wanachotuma ni sehemu ndogo sana ya walichokipata. Sina hakika atafurahi kusikia nusu ya pili. Lakini atasoma mpaka mwisho.

Kwa hiyo mtu anayejifunza kuandika kwa ajili ya umma asingoje mpaka utafiti uishe ndipo atafute "ujumbe kwa jamii", kama tunavyoona katika tasnifu nyingi ambamo sura ya mwisho ina mapendekezo manne kwa serikali, mawili kwa wazazi na moja kwa watafiti wengine, yote yakiwa yameandikwa usiku mmoja. Shaka la mwananchi lina manufaa makubwa zaidi likiingia mapema, wakati dodoso, yaani orodha ya maswali ya utafiti, bado linaandikwa. Wadadisi, yaani vijana wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakihoji, wanalijua shaka hilo kuliko profesa, kwa sababu wao ndio wanaoulizwa mlangoni: "Haya maswali yenu yatatusaidia nini?" Katika miradi niliyoshiriki, nimejifunza kukaa na wadadisi jioni na kuandika maswali waliyoulizwa wao, siyo yale tu waliyouliza. Daftari la namna hiyo limenisaidia kuandika makala za magazetini kuliko kitabu chochote cha uandishi.

Kuhusu tarakimu nina mengi ya kusema, maana hapo ndipo wasomi wanapowadharau wananchi na waandishi wa habari wanapowadharau wote wawili. Chukua takwimu za umaskini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2011/12 ulionyesha kwamba asilimia 28.2 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani kiasi ambacho mtu akitumia chini yake huhesabiwa kuwa maskini. Utafiti wa mwaka 2017/18 ulionyesha asilimia 26.4. Kichwa cha habari kinajiandika chenyewe: umaskini wapungua. Nacho ni kweli. Lakini Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 43.6 Tanzania Bara, na asilimia 28.2 ya hao ni kama milioni 12.3. Kufikia mwaka 2018 watu walikuwa wameongezeka sana; hata ukikadiria kwa tahadhari kwamba walikuwa milioni 50 tu, asilimia 26.4 ya hao ni milioni 13.2. Sehemu ya watu walio maskini imepungua na watu walio maskini wameongezeka. Sentensi hizo mbili hazipingani, na msomaji yeyote anayefanya biashara ya genge anaweza kuzielewa zikiandikwa moja baada ya nyingine. Mwandishi anayechagua moja na kuificha nyingine, kwa hoja kwamba umma utachanganyikiwa, ameamua kwa niaba ya umma jambo ambalo hakutumwa kuliamua.

Kisha kuna mstari wenyewe. Katika utafiti wa mwaka 2017/18, mstari wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Wanafunzi wangu huiweka tarakimu hiyo katika tanbihi. Mimi ningeiweka katika aya ya kwanza ya makala ya gazeti, kwa sababu inampa msomaji silaha ya kupima: anaweza kuigawa kwa siku 30, akapata kama shilingi 1,640, akalinganisha na unga, mafuta ya taa, nauli na sabuni, kisha akaamua mwenyewe kama mtu anayepata shilingi 1,700 kwa siku anastahili kuitwa asiye maskini. Wasomi wana mjadala mrefu juu ya uhalali wa mistari ya namna hiyo. Mwananchi aliyepewa tarakimu halisi anaingia katika mjadala uleule kwa mlango wake, naye mara nyingi huingia kwa ukali zaidi.

Je, umma uelezwe pia kwamba vipimo vyenyewe vinayumba? Hapa ninatofautiana na wenzangu wengi, ambao wanaona kwamba kukiri udhaifu wa takwimu mbele ya watu ni kuwapa wabishi nafasi. Tanzania imekuwa mahali pa jaribio mashuhuri juu ya jambo hili. Mwaka 2007 na 2008, watafiti walizigawa kwa bahati nasibu kaya kama 4,000 katika wilaya 7, wakatumia namna 8 tofauti za kuuliza juu ya matumizi: baadhi ya kaya zilijaza shajara kila siku, nyingine ziliulizwa kukumbuka, orodha za vyakula zikiwa ndefu kwa wengine na fupi kwa wengine. Kwa kuwa kaya zilipangwa kwa nasibu, hali halisi ya maisha katika makundi yote 8 ilitarajiwa kuwa sawa. Viwango vya umaskini vilivyopatikana vilitofautiana sana, kwa sababu tu ya namna ya kuuliza. Nimelieleza jaribio hili mbele ya watu ambao hawajasoma takwimu hata siku moja, na sijaona hata mmoja aliyeshindwa kulielewa. Kila mtu anajua kwamba ukimuuliza mumeo "umetumia kiasi gani mwezi huu" utapata jibu moja, na ukimwandikia kila siku anachotoa mfukoni utapata jingine. Sehemu ngumu ya kazi ya mwandishi ni kusema hayo bila kumwacha msomaji na hisia kwamba basi kila takwimu ni uongo. Namna ninayoiona kuwa ya haki ni kutaja tofauti inayotokana na kipimo palepale tarakimu inapotajwa, katika sentensi hiyohiyo, badala ya kuitenga katika aya ya "mapungufu ya utafiti" ambayo hakuna anayeisoma.

Nitaje kwa kifupi kwamba kwetu hapa Tanzania jambo hili limewahi kuwa la kisheria. Marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 yalikataza kusambaza kwa umma takwimu zenye lengo la kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na makali hayo yakaondolewa. Kwa miezi ile kadhaa, watafiti niliowafahamu waliendelea kuchapisha katika majarida ya nje kama kawaida, lakini wakaacha kuandika magazetini. Anayetaka kujua kama maandishi ya kitaaluma na maandishi ya umma ni vitu viwili, hapo ana ushahidi.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vya mbinu za utafiti havilifundishi vya kutosha, nalo linanisumbua kuliko yote niliyoyataja. Makala ya jarida la Kiingereza, lililofungwa nyuma ya malipo, haiwafikii walioandikwa ndani yake. Umbali huo una ubaya wake, lakini pia umekuwa kinga ambayo hatujaigharimia. Mtafiti anaandika "mjane mwenye umri wa miaka 52, mmiliki wa kilabu cha pombe, kijiji A", anabadilisha jina, na kamati ya maadili inaridhika. Msomaji wa London hawezi kumtambua. Lakini andika maneno hayohayo kwa Kiswahili katika gazeti linalouzwa stendi ya wilaya, na kufikia saa 4 asubuhi kata nzima inamjua, kwa sababu mjane mwenye kilabu katika kijiji kile ni mmoja. Jina la bandia halimfichi mtu mbele ya majirani zake. Kwa hiyo ninapohamisha utafiti kutoka jarida kwenda gazetini, kazi ya kwanza huwa ni kuondoa, kabla ya kufikiria kuongeza mifano hai inayopendwa na wahariri. Wakati mwingine naunganisha habari za watu kadhaa na kumwambia msomaji waziwazi kwamba nimefanya hivyo. Wakati mwingine naacha kabisa kisa kizuri. Wahariri hawapendi, nami nawaelewa. Makala isiyo na mtu ndani yake inasomwa na wachache.

Ridhaa nayo inabidi iombwe upya. Mtu aliyekubali kuhojiwa kwa ajili ya "utafiti wa chuo" hakukubali kusomwa na shemeji yake. Fomu aliyoweka sahihi haikuwa na neno gazeti, na hata kama lingekuwepo, wengi huweka sahihi kwa heshima ya mgeni na ya mtendaji wa kijiji aliyemleta. Ninaporudi kuomba ridhaa ya pili, hubeba rasimu yenyewe kwa Kiswahili, nikaisoma kwa sauti. Mara kadhaa wahojiwa wamekataa sehemu ambazo mimi niliziona hazina madhara, na wameniruhusu kuchapisha zile nilizokuwa nikiziogopa. Mzee mmoja alitaka jina lake halisi litumike, kwa sababu alichosema juu ya mgawanyo wa mashamba alikuwa amekisema hadharani katika mkutano wa kijiji na hakuona sababu ya kufichwa kama mhalifu. Taratibu za maadili tulizozirithi hazina nafasi nzuri kwa mtu kama huyo.

Usomaji huo wa sauti umeniletea faida nyingine ambayo sikuitazamia, nayo imegusa maandishi yangu ya kitaaluma. Hoja iliyosimama vizuri katika Kiingereza cha majarida huweza kuporomoka unapojaribu kuisema mbele ya watu watano walioketi kwenye benchi. Kuna sentensi za kitaaluma ambazo hazina mtendaji: rasilimali "zimenyang'anywa", mahusiano "yameundwa upya", mamlaka "yamejengwa". Ukisema hivyo kijijini, swali la kwanza ni "na nani?" Nikishindwa kujibu, huwa ni kwa sababu katika utafiti wangu sijui, na jarida lingenipitisha bila kuligundua hilo. Siku hizi natayarisha maelezo ya Kiswahili kabla ya kukamilisha makala ya Kiingereza, na mahali penye swali "na nani?" bila jibu napawekea alama, kisha narudi kwenye data.

Siwezi kujifanya kwamba kazi hii inalipa. Kwa kawaida mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala zilizopitiwa na wanataaluma wenzake, na safu ya gazeti, hata ikisomwa na maelfu, haihesabiki au inahesabika kidogo mno. Kijana mwenye mkataba wa muda mfupi ana sababu nzuri ya kuandika kwa ajili ya wale wanaomhesabia, nami simlaumu. Ninachowaomba wanafunzi wa mwaka wa tatu muhula huu ni kidogo: kila mmoja achukue matokeo ya Kagera, ayaandike kwa maneno 700 kwa ajili ya msomaji wa Bukoba, kisha achague moja kati ya mapingamizi ya msomi, lile la ndugu mchangamfu au la bei au la waliokosekana, na alieleze ndani ya maneno hayohayo 700 bila kuliita upungufu. Wengi wameanza kwa kuchagua la bei, wakidhani ndilo jepesi. Wawili tayari wamerudi kuniuliza kama wanaruhusiwa kubadilisha.